Vile Vitu Vyeupe Kwenye Kahawa Yangu

Nimekosa. Wacha niliseme hilo kwanza, maana najijua. Nikianza na maelezo nitajitetea mpaka mniambie pole, na hiyo pole yenu sistahili.

Jina langu sitalitaja, na haya majina mengine nimeyabadilisha. Niiteni Mwalimu tu. Ndivyo ninavyoitwa hapa estate yetu Kitengela, ingawa chaki niliiweka chini zamani. Mzee wangu alitangulia. Kijana wangu Mutua yuko Qatar anatafuta, dada yake ameolewa Eldoret. Nyumba ni ya vyumba vinne, na ndani yake niko mimi na redio.

Mtu aliyekuwa anabisha mlango wangu kila siku alikuwa mmoja. Mama Nasieku. Ni mama wa Kimaasai aliyekuwa anatuletea maziwa kutoka kwake, huko ndani upande wa Isinya. Alikuwa anazunguka nyumba zote na mikebe yake, halafu kwangu anamalizia.

"Takwenya!" anaita mlangoni kwa jikoni, ndiyo salamu ya kwao.

"Iko!" namjibu. Hiyo ndiyo Kimaa yote niliyokuwa nayo, na kila siku alinicheka vile ninavyoitamka. Eti nasema kama mtu ameumwa na jino.

Akishanipimia maziwa, anaketi. Chai iko tayari kwenye sufuria, tangawizi imo, tunakunywa vikombe viwili viwili. Ananipa habari za ng'ombe, nampa habari za watoto wangu. Binti yake Nasieku alikuwa chuo cha ualimu, na vitabu alivyosomea ni vyangu, nilimpa sanduku zima. Saa nzima tunakaa! Wewe uliye na watu nyumbani huwezi kuelewa. Saa moja ya mtu wa kuongea naye ilikuwa inanibeba mpaka jioni.

Basi Mutua akaja likizo na mashine ya kahawa.

Kama hujaiona, nikuelezee. Juu unamwaga kahawa iliyokaangwa, mbegu nzima nzima. Nyuma kuna tangi la maji. Ukibonyeza, inasaga zile mbegu palepale, inashindilia ule unga, inausukumia maji moto kwa nguvu, na kahawa inashuka kwenye kikombe. Makapi yanaanguka yenyewe kwenye kisanduku cha chini. Ukitaka ya maziwa, kuna mrija unauchovya kwenye jagi. Mashine inayavuta maziwa, inayapiga na mvuke mpaka yanafura povu. Wewe kazi yako ni kidole kimoja tu!

Mimi nimezaliwa Kangundo. Nimechuma kahawa nikiwa mtoto wa nasari, kikapu kikiwa kikubwa kuliko mimi. Lakini kwetu kahawa ilikuwa ya kupeleka kiwandani. Ya kunywa ilikuwa chai. Sasa hebu fikiria mimi, mtoto wa mchuma kahawa, nikinywa kahawa yenye povu jikoni kwangu! Nilijisikia mtu. Nilipiga picha nikatuma kwa kila mwalimu niliyewahi kufundisha naye.

Mama Nasieku alipoiona mara ya kwanza alishtuka vile ilivyoanza kusaga.

"Uii! Mama Mutua, hii kitu inalia kama punda."

"Inasaga, subiri."

Alisubiri. Kikombe kilipojaa akakiangalia, akaniangalia.

"Imelia yote hiyo, halafu inatoa kikombe ya mtoto?"

Tulicheka mpaka nikashika meza. Lakini kikombe chake alimaliza, na akaomba kingine. Tangu hapo sufuria ya chai niliiweka kabatini. Ikawa sisi ni watu wa kahawa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipokosea bila kujua. Hapa kwetu maji ya bomba ni ya borehole, kisima kirefu cha kuchimbwa, na mtu yeyote wa Kitengela atakuambia hayo maji yana chumvi. Birika ikikaa mwezi inaota ganda jeupe ndani kama ukuta umepigwa chokaa. Maji ya kunywa tunanunua kwa mtungi. Sasa mtungi ni lita ishirini na mgongo wangu ni wa zamani. Nikawa najazia mashine maji ya bomba. Nikajiambia, si inachemsha?

Mutua alikuwa ameniachia kijitabu cha maelezo. Mimi, mwalimu niliyechapa watoto kwa kutosoma maswali kabla ya kujibu, sikukifungua! Kuna kataa kekundu, taa ndogo tu, kalianza kuwaka mbele ya mashine baada ya miezi kadhaa. Nilidhani kanasema stima iko. Kalikuwa kananiudhi macho, nikakafunika na kile kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua ya zambarau.

Asubuhi moja nikaona kitu kwenye kikombe. Juu ya povu kulikuwa na vipande vyeupe, vidogo, vimechongoka. Nikavitoa na kijiko. Kesho yake vikawa vingi zaidi. Nikavisugua kwa vidole, vikawa unga.

Wiki hiyo hiyo tumbo lilikuwa limenishika. Na wiki hiyo hiyo, kwenye grupu ya estate, watu walikuwa wanaongea habari ya wauza maziwa wanaotia dawa maziwa yasiharibike. Nikaweka moja na moja. Kahawa nyeusi mimi sinywi, kila kikombe changu kilikuwa na maziwa, kwa hivyo mawazo yangu yalienda kwa maziwa moja kwa moja. Hayakupitia kwa maji hata kidogo!

Sikumuuliza. Jameni, huyu mtu alikuwa anaketi jikoni kwangu kila siku, na sikumuuliza! Nilipiga picha kile kikombe, nikaandika kwenye grupu: "Majirani, muwe makini na maziwa tunayoletewa na huyu mama wa asubuhi. Nimepata dawa nyeupe ndani. Mimi tumbo limeniuma wiki nzima."

Wueh! Simu haikupumzika. "Asante sana Mwalimu." "Ndiyo maana mtoto wangu anaharisha." "Nilikuwa najiuliza mbona maziwa yake hayagandi haraka." Watu ambao hawajawahi hata kunisalimia pale getini waliniandikia Mungu akubariki. Na nitawaambia ukweli kwa sababu nimekuja kuutoa: nilifurahia. Siku nzima nilisoma yale majibu, nikaona kumbe bado niko na sauti, bado nikisema darasa linanyamaza.

Mwenyekiti wa estate akaandika kwamba askari wa geti asimruhusu tena.

Kesho yake saa moja nilisimama dirisha la juu, nyuma ya pazia. Nikamwona amefika na mikebe yake. Nikaona askari amenyoosha mkono. Nikamwona anaongea, anaonyesha upande wa nyumba yangu. Simu yangu ikalia. Jina lake likatokea pale. Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Akanitumia ujumbe wa sauti. Hiyo sauti ninayo mpaka leo, sijaifuta. "Mama Mutua, hawa watu wananiambia maneno mimi sielewi. Wanasema nimeweka sumu. Waambie, wewe unanijua. Waambie mimi ni mtu yako."

Nikaisikiliza, nikaigeuza simu uso chini.

Alikaa nje ya geti, kwenye jiwe, na ile mikebe imejaa, mpaka jua likapanda. Halafu akaenda.

Nikaanza kununua maziwa ya pakiti. Na unajua nini? Vile vitu vyeupe vilikuja! Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, vipo. Mtu mwenye akili angeketi chini hapo afikirie. Mimi nikasema hata hao wa pakiti siku hizi ni wezi tu. Nikabadilisha pakiti. Nikabadilisha tena. Ndani ya moyo kulikuwa na kitu kinanigonga, nikakinyamazisha kwa sababu kukisikiliza kulikuwa na gharama.

Mwishowe mashine ikakataa. Inanguruma, inatetemeka, na kahawa inatoka matone matone. Nikamwita fundi, mtu mzima mtaratibu, ana duka lake la vyombo vya stima pale mjini. Alifika, akaondoa kitambaa changu, akaiangalia ile taa nyekundu.

"Mama, hii taa imewaka kwa muda gani?"

"Hiyo si ya stima?"

Akatoa lile jagi la maziwa akaliweka mbali, akatoa na mrija. Akaweka glasi safi chini ya mdomo wa mashine, akabonyeza maji moto peke yake. Ikakohoa, ikatema. Tukaangalia ile glasi wote wawili. Maji, na ndani yake vile vipande vyeupe vinazunguka vinashuka chini.

"Nilidhani ni maziwa," nikasema.

"Sasa mama, maziwa iko wapi hapa?"

Aliendelea kunieleza, na mimi nasikia kama mtu yuko chumba kingine. Kwamba ndani kuna kitu cha kuchemshia maji, na chumvi ya borehole inagandamana humo kama kwenye birika. Ikizidi inabanduka, inatoka na maji na mvuke. Kwamba ile taa ilikuwa inaomba isafishwe na dawa ya kutoa chumvi. Kwamba hapa Kitengela mashine kama hiyo inataka maji ya mtungi, na hata hivyo isafishwe mara kwa mara. "Hiyo magamba haiwezi kukuua," akasema akicheka. "Ni chumvi tu."

Ni chumvi tu! Ngai wakwa, Mungu wangu! Nilikaa kwenye kiti alichokuwa anakalia Mama Nasieku, nikashindwa hata kumsindikiza fundi mlangoni.

Mngetarajia siku hiyo hiyo nichukue simu niandike kwenye grupu, si ndiyo? Hata mimi nilitarajia. Nilingoja nipate maneno mazuri. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, wa pili nao. Kila nikitaka kuandika naona zile "asante Mwalimu", naona vile watasema kumbe huyu mama amezeeka, hajui hata kutumia kifaa alicholetewa na mtoto wake. Na nyumba ikawa kimya, nyinyi! Nilikuwa napika chai kwenye sufuria ndogo kabisa na bado inabaki. Kuna siku niligundua nimefika jioni sijatamka neno hata moja kwa kinywa changu. Nikasema "haya" kwa sauti, nisikie tu kama bado iko.

Siku moja nikabeba sukari na majani ya chai, nikapanda boda mpaka kwake.

Nasieku ndiye aliyenipokea. Nikashtuka kumwona nyumbani katikati ya muhula. Akainamisha kichwa nikamgusa, kama watoto wa Kimaasai wanavyofunzwa kusalimia wakubwa. "Nimepumzika kidogo, Mwalimu," akasema, na hakusema zaidi. Ng'ombe ndio waliokuwa wanamlipia chuo. Sikuhitaji kuambiwa.

Mama yake akatoka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Yeye akanishika mkono, akaniketisha, akanichemshia chai. Nikamwambia yote. Mashine, maji, taa, kitambaa. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu.

Aliweka kikombe chini. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile chake cha jikoni kwangu, mpaka akajipangusa macho na leso.

"Ni maji? Mama Mutua, ni hii maji ya Kitengela tu?"

"Ni maji tu."

"Mimi nilikuwa nalala nauliza Mungu ni ng'ombe gani imekula nini."

Tukacheka na kulia pamoja. Nilihisi kama nimerudishiwa mtu wangu. Halafu akaniuliza, kwa upole tu, huku ananiongezea chai:

"Na wale wengine, ulipowaambia, walisema nini?"

Ningeweza kusema sijawaambia. Ni neno moja tu! Angenikasirikia, angenifukuza hata, lakini tungekuwa tumesimama kwenye ukweli. Lakini nilikuwa nimeonja ile saa tena, nikaogopa kuipoteza.

"Walijisikia vibaya sana," nikasema. "Wanakungoja."

Macho yake yakang'aa. "Basi Jumatatu nakuja." Akamwita Nasieku akamwambia kwa Kimaa, na yule msichana akatabasamu akaweka mikono kifuani. Haki ya Mungu, ule uso sitausahau.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na Ijumaa, nilikuwa na Jumamosi, nilikuwa na Jumapili. Niliandika ule ujumbe nikafuta. Niliandika tena nikafuta. Jumapili nilitoka kanisani nikasema jioni natuma. Jioni nikasema asubuhi mapema. Asubuhi nikasikia sauti getini.

Alikuja amevaa shanga za sherehe, na mikebe mingi kuliko siku zote. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliomba maziwa ya dada yake aongezee, asije akapungukia hao watu wanaomngoja. Askari alimzuia. Mama Nasieku akamwambia kwa adabu kwamba ameitwa, Mwalimu ameshaeleza. Askari akasema yeye hana habari. Jirani mmoja alikuwa anatoka na gari, akashusha kioo: "Huyu wa dawa amerudi tena?"

Nilisikia, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeshuka. Nilikuwa nimesimama pale ndani ya geti kama hatua kumi. Jirani akaniona, akaniambia, "Mwalimu, afadhali uko hapa, mwambie mwenyewe."

Mama Nasieku naye akaniona. Hakupiga kelele. Alinitazama tu akingoja niongee. Watu watatu, wanne, walikuwa wamesimama. Nilikuwa na kila kitu mdomoni! Nikafungua mdomo, nikasema, "Wacha kwanza nitaongea na mwenyekiti."

Jirani akafunga kioo akaenda zake. Mama Nasieku akasogea karibu na chuma cha geti.

"Hukuwaambia," akasema.

Nikaangalia ile mikebe.

"Ile siku ya kwanza ulikuwa hujui. Nimekusamehea hiyo, kabisa. Lakini leo unajua, Mwalimu."

Miaka yote alikuwa ananiita Mama Mutua. Akainamia mikebe yake, akaibeba yote peke yake, akarudi alikotoka.

Niliandika kwenye grupu siku hiyo hiyo. Nilieleza yote bila kujificha, nikaweka hata picha ambayo fundi alipiga ya ile glasi. Siku niliyomshtaki, simu ililia mpaka chaji ikaisha. Siku niliyomsafisha, mtu mmoja aliandika "sawa". Mwingine aliandika, "Hata hivyo ulifanya vizuri kututahadharisha, mtu hawezi kujua." Halafu mwenyekiti akauliza nani ameegesha gari mbele ya tangi la maji, na mazungumzo yakaenda huko. Hakuna mtu alimfuata. Walishapata mwingine wa kuwaletea maziwa.

Nilirudi kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta mlango umefungwa. Mara ya pili kulikuwa na shemeji yake, akaniambia wameuza ng'ombe karibu wote na Mama Nasieku amehamia kwa ndugu zake, upande wa Oltepesi. Nasieku anafanya kazi ya kuuza dukani. Nikaomba nambari mpya. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema atamwuliza kwanza. Mpaka leo hajanipigia, na sidhani anakuja kunipigia.

Mashine iko, inafanya kazi vizuri. Ninaitilia maji ya mtungi, naisafisha vile fundi alisema. Asubuhi inasaga, inalia, inanipa kikombe kimoja, nakunywa nimesimama maana kuketi peke yangu jikoni siwezi tena.

Sasa wewe unayesoma hii, na una simu mkononi, na umeona kitu kwa kikombe chako au kwa mtoto wako au kwa ukuta wako, na jina la mtu limeshakujia kichwani. Muulize huyo mtu kwanza! Muulize mkiwa wawili. Na kama tayari umeshamchafua mbele ya watu, usiende kumwomba msamaha nyumbani kwake kwa siri kama mimi, unywe chai yake, ulie, uone umemaliza. Rudi mbele ya watu wale wale, siku ile ile, na maneno hata kama si mazuri. Mimi nilingoja nipate maneno mazuri. Nilipoyapata, mtu wa kuyasikia alikuwa ameshahama.